Neno Lililobaki Mlangoni

Kila mwisho wa majira ya baridi, udongo ukianza kulainika, muuza mbegu alikuja Skelthorpe, kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, na gari lake, akashusha magunia ya viazi mbele ya kibanda kilicho nyuma ya reli, na wenye vishamba wakapanga foleni. Mwaka ule mzee aliyezoeleka alikuwa amestaafu. Aliyekuja ni kijana mgeni, mcheshi, asiyejua habari za mtu. Zamu ya Royston Lumb ilipofika, kijana akachukua kiazi kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Hivi vina kigaga kidogo, mzee wangu. Sikufichi. Lakini kiko juu ya ganda tu, ndani ni vizima."

Foleni nzima ikanyamaza.

Glenys, mke wa Royston, alikuwa kando yake ameshika mfuko mdomo wazi. Aliona shingo ya mumewe ikigeuka nyekundu, kisha ikarudi nyeupe. Nyuma yao alisimama Neville Garside, katibu wa klabu ya wachimbaji, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Akasema, macho kwenye viatu vyake:

"Mpe hivyohivyo, kijana. Vitazoeana."

Watu wakacheka. Muuza mbegu naye akacheka, kwa sababu wengine walicheka. Royston akangoja kicheko kiishe.

"Nitavichukua," alisema. "Ukitandika majani mabichi kwenye mtaro kabla ya kupanda, hakirudi."

Wakaondoka, yeye mbele na mfuko begani, Glenys nyuma. Hakuna aliyewaaga, na wao hawakutazamia kuagwa.

Neno lenyewe ni la kila siku. Mtoto akianguka na kuchubuka goti, kidonda hufunikwa na kigaga, na mama yake humwambia asikibandue. Wafugaji wa kule mlimani huliita hivyo gonjwa linalomla kondoo ngozi. Wakulima huita hivyo madoa magumu ya viazi. Lakini Skelthorpe kulikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, na mahali penye mgodi neno hilo lina kazi nyingine: ndilo jina la mtu anayekwenda kazini wakati wenzake wamegoma. Katika mgomo mkubwa wa mwaka themanini na nne, wanaume walipokaa karibu mwaka mzima bila mshahara ili migodi isifungwe, neno lilienea kwenye kila kitu. Lilikuwapo basi la vigaga, lenye nyavu za chuma madirishani, likiwavusha wachache mbele ya wagomaji na polisi. Yalikuwapo makaa ya kigaga. Ilikuwapo bia ya kigaga, yaani bia aliyokununulia mtu wa namna hiyo, nayo humwagwa sakafuni. Lilipigiwa kelele na umati kwa pumzi moja, na lilinong'onwa dukani nyuma ya rafu ya mikate. Baadaye hata halikuhitaji kusemwa. Royston aliingia klabuni mara moja baada ya mgomo kwisha, na wanaume waligeuza viti vyao, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki anatazama migongo. Hakurudi tena.

Nyumbani kwa Glenys neno hilo lilikuwa mwiko. Binti yao Joanne alipougua tetekuwanga, daktari alisema vigaga visiguswe. Glenys alipofika nyumbani akamwambia mtoto, "Hayo maganda usiyashike." Joanne aliyaita maganda mpaka siku alipotoka shuleni na sikio limevimba, akauliza kwa nini yeye anaitwa mtoto wa kile kitu.

Na mlangoni liliandikwa. Jioni ya siku ile Royston alipoitwa hivyo mara ya kwanza, mtu alilipaka kwa rangi nyeupe nzito, herufi kubwa, kutoka bawaba hadi kitasa. Royston alilifunika kwa rangi ya kijani. Lakini kila kiangazi, jua likipiga, lile jeupe lilipanda taratibu, na msomaji mwenye macho mazuri aliweza kulisoma akiwa barabarani. Kila kiangazi Royston alitoa kopo na brashi.

Hasira ya Glenys haikuwa kwamba watu hawasamehe. Angeweza kuishi na watu wasiosamehe. Hasira yake ni kwamba Royston hakupanda basi lile.

Aliyepanda ni mdogo wake, Clive.

Ilikuwa Januari, theluji imeshikana barabarani. Royston alikuwa kitandani na homa kali. Jioni Clive alikuja, akasema koti lake limelowa na anataka kwenda kuokota mabaki ya makaa kwenye kifusi cha mgodi, mtoto wake asije akagandishwa na baridi. Glenys mwenyewe ndiye aliyelitoa koti la Royston msumarini. Lilikuwa koti zito jeusi la kazi, kama la wanaume wote, isipokuwa bega moja lilikuwa limechanika na Glenys alilitia kiraka kwa kipande cha mkoba wake wa zamani, wa kijani. Hapakuwa na bega jingine kama hilo Skelthorpe. Wenzake walikuwa wakimtania Royston kwamba amebeba mkoba wa mkewe.

Alfajiri basi lilipita. Waliokuwa ndani walijifunika makoti vichwani, wasionekane. Lakini mmoja wao aliegemea dirisha, na lile bega la kijani likabanwa kwenye nyavu, mbele ya macho ya watu mia mbili.

Clive alienda siku ile moja tu. Jioni aliingia kwa Royston kupitia mlango wa nyuma, akakaa jikoni na kikombe cha chai. Kule mbele rangi ilikuwa bado mbichi.

"Sandra ana mimba nyingine," alisema. "Nyumba haina kitu, Roy. Hata mkate. Nilidhani hakuna atakayejua."

"Na wamejua," Glenys alisema. "Wamemjua asiyekuwepo. Nenda kawaambie."

"Wataniua."

"Na huyu je?"

Royston alikuwa ameketi kwenye ngazi, blanketi mabegani, jasho linamtiririka. "Mwache, Glen," alisema. "Mgomo ukiisha atasema mwenyewe. Sivyo, Clive wetu?"

"Ukiisha tu," Clive alisema. "Naapa kwa kichwa cha mama."

Mgomo uliisha Machi. Wachimbaji walirudi mgodini kwa maandamano, bendi ya matarumbeta mbele, bendera ya chama juu. Waliochaguliwa kushika miti ya bendera walikuwa vijana wawili wasiotetereka, na mmoja wao ni Clive. Royston aliambiwa apite mlango wa nyuma, peke yake. Glenys alisimama ukingoni mwa barabara, akamtazama shemeji yake anavyopita kidevu juu, machozi mashavuni, na wanawake aliokuwa akimenya nao viazi katika jiko la wagomaji wakimpigia makofi. Clive alimwona. Aligeuza macho kwenye bendera.

Usiku ule, na mara nyingi baadaye, Glenys alimwambia mumewe: sema wewe. Jibu lake lilikuwa lilelile.

"Nikimchongea ndugu yangu, basi wamesema kweli. Nitakuwa kitu hichohicho."

"Utakuwa mtu aliyesema ukweli."

"Hapa hakuna tofauti, Glen. Unapajua hapa."

Alipajua. Ndiyo maana hakuweza kumjibu, na ndiyo maana hakumsamehe kabisa.

Mama yao, Edna, alifariki miaka michache baadaye. Royston alienda kumwona alipokuwa mahututi. Clive alikuwa pale, ameketi karibu na dirisha, anakula pai ya nyama mapajani. Mwanamke yule alifumbua macho, akamtazama Royston mlangoni, akasema wazi kabisa:

"Mimi nina mtoto mmoja."

Akageukia ukutani. Clive aliendelea kushika uma.

Mgodi ulifungwa hata hivyo. Royston akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate cha mji wa pili, ambako hakuna aliyemjua. Joanne alipomaliza shule alikwenda kuishi kusini na hakupenda kuja. Glenys alitaka wahame. Royston alisema wakihama watu watasema wamekiri. Kwa hiyo walikaa, wakapanda viazi. Lile koti Royston hakulitupa. Lilikuwa kwenye kibanda cha shamba, linafunika mbegu zisipigwe na baridi, na kile kiraka cha kijani kilikuwa bado kimeshika, kwa kuwa Glenys hakushona kitu kikaachia.

Mwaka ule wa viazi vyenye kigaga, ndipo habari zilipokuja kwamba Clive hawezi kupanda ngazi. Vumbi la mgodi lilikuwa limemkausha mapafu. Kitanda chake kikashushwa sebuleni, na mashine ya oksijeni ikawekwa karibu na televisheni.

Glenys alivaa koti la kanisani, akaenda. Hakumwambia Royston.

Sandra, mke wa Clive, alifungua mlango, akasimama katikati yake. Alikuwa amezeeka vibaya tangu waliposemezana mara ya mwisho.

"Amelala," alisema.

"Nitangoja."

"Glenys, mpenzi, nakuomba. Mwache mtu afe kwa amani."

"Wangu ameishi kwa amani?"

Sandra alitazama barabarani kushoto na kulia, kuona kama kuna jirani. Halafu akapisha.

Clive hakuwa amelala. Alikuwa amebaki macho na mifupa, kinyago cha oksijeni usoni. Juu ya kitanda ilitundikwa picha yake ya maandamano, ameshika mti wa bendera. Glenys alivuta kiti.

"Unajua nimefuata nini."

Alikubali kwa kichwa.

"Uliapa kwa kichwa cha mama yako. Mama yako amekufa akimlaani asiye na kosa. Roy ana miaka sabini, Clive. Bado ananunua viazi huku watu wanamcheka. Sitaki unililie. Nataka uwaite, useme."

Clive alisogeza kinyago. "Roy... anataka?"

"Roy hataki chochote. Mimi nataka."

Alivuta pumzi, mashine ikavuta naye. "Jumapili," alisema. "Neville huja Jumapili. Na wenzake."

Glenys alitoka. Njiani aliingia dukani, na muuzaji, kama kawaida, akamwekea chenji kwenye kaunta badala ya mkononi. Glenys aliiokota, na kwa mara ya kwanza haikumuuma. Aliwaza: subiri Jumapili. Aliwaza jinsi Neville atakavyopita barabara yao kofia mkononi, kubisha ule mlango. Alitaka kuisikia hodi hiyo. Hakutaka kingine.

Jumapili alimwambia Royston. Alikuwa anatandika majani kwenye mitaro. Hakuinua kichwa.

"Hukupaswa kwenda, Glen."

"Njoo usikie."

"Kama anasema, atasema nisipokuwepo. Na kama nipo, itakuwa nimemlazimisha."

Akaendelea kutandika. Glenys alienda peke yake.

Neville alikuwa na wazee wenzake watatu, wamejipanga kuzunguka kitanda wakinywa chai. Glenys alipoingia, vikombe vilisimama. Neville alimtazama Sandra, kama anayeuliza nani kamruhusu huyu. Ni Clive aliyeinua mkono.

"Nimemwita mimi." Akavua kinyago. "Sikilizeni. Ile Januari. Basi."

"Usijichoshe, kaka," Neville alisema.

"Hakuwa Royston. Ni mimi. Koti nililiazima. Ni mimi niliyekuwa ndani... ni mimi kigaga."

Alilisema neno hilo mbele ya picha yake mwenyewe, kisha akaanza kukohoa. Sandra akamrudishia kinyago. Glenys alisikia mashine ikivuta na kutoa, akamtazama Neville usoni, akingoja.

Neville alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamteremka kwenye mashavu mazito. Akachukua mkono wa Clive kwa mikono yake yote miwili.

"Clive, Clive," alisema. "Hata sasa? Hata hapa ulipo unataka kumbebea mzigo wake?"

"Ni mimi," Clive alisema ndani ya kinyago.

"Tunajua, kaka. Tunajua moyo wako ulivyo. Tuliliona lile bega kwa macho yetu. Pumzika."

Mmoja wa wale wazee akatikisa kichwa. "Mtu wa namna hii hazaliwi tena," alisema.

Kisha Neville akamgeukia Glenys. Machozi yalikuwa bado hayajakauka, lakini sauti ilikuwa ile ya kwenye foleni.

"Umekuja kumkamua maneno mtu anayekata roho. Huna haya?"

"Anasema kweli," Glenys alisema. "Nilimpa koti kwa mkono wangu. Sandra, waambie. Wewe ulikuwepo. Waambie."

Wote wakamtazama Sandra. Sandra alikuwa anakunja pembe ya shuka. Aliikunja, akaikunjua, akailaza vizuri chini ya godoro.

"Ni dawa," alisema. "Tangu wamwongezee dawa anasema mengi."

Clive alifumba macho. Glenys hakujua kama ni uchovu au ni haya, na hakupata kujua kamwe, kwa maana Clive hakusema tena jambo la maana mpaka alipokufa.

Mazishi yalijaza kanisa dogo la Skelthorpe. Bendera ya chama ilitandikwa juu ya jeneza. Royston hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, kofia mkononi. Glenys aliingia, akakaa benchi la mwisho, na watu wakaliacha benchi lote liwe lake.

Neville ndiye aliyetoa wasifu. Alisimulia mgomo, maandamano, mti wa bendera. Kisha akasema:

"Na niwaambieni jambo ambalo wengi hamlijui. Siku zake za mwisho, hana pumzi, Clive alituita, akataka kujitwika aibu ya mtu mwingine. Aibu ya damu yake. Alitaka lile doa life naye, ili aliyebaki atembee huru. Sitamtaja mtu. Lakini nauliza: nani kati yetu angeweza?"

Kanisa zima lilitoa leso. Mbele kabisa mjukuu wa Clive alinyoosha mabega, kama mtu aliyepewa nishani. Glenys alikuwa ameshasimama bila kujijua. Watu wachache waligeuka. Aliona nyuso zao, nazo hazikuwa na chuki. Zilikuwa na huruma. Walikuwa wanamhurumia yeye, kwa kuolewa na mtu mbaya aliyepewa ndugu mwema. Kwa miaka yote ile alikuwa ameshazoea chuki. Hii hakuijua aishike wapi. Akatoka.

Royston alikuwa palepale kituoni. Walitembea mpaka nyumbani. Alipovua viatu ndipo akauliza.

"Aliwaambia kweli? Ile Jumapili. Kwa mdomo wake?"

"Nilikwambia. Alisema, hawakumwamini. Leo wameyafanya wimbo wa sifa."

"Lakini alisema. 'Ni mimi.' Alisema hivyo?"

"Alisema."

Royston aliketi na soksi zake, mikono magotini. "Basi alisema, Clive wetu," alisema. Kisha akauliza kama kuna viazi vilivyobaki, akala sahani mbili, na akalala kabla giza halijaingia.

Glenys alibaki mezani na vyombo vichafu. Alikuwa amedhani wanangoja kitu kimoja. Alikuwa ameng'ang'ania nusu yake kama mtu anayeshika upande wa meza nzito, na sasa akaona kwamba mwenzake hakuwahi kushika upande wa pili. Royston alikuwa amepata chake. Cha Glenys kilikuwa ndani ya jeneza, chini ya bendera, kimepigiliwa misumari.

Kiangazi kilipofika jua likapiga mlango, na zile herufi nyeupe zikaanza kupanda. Royston akatoa kopo la kijani na brashi, akaviweka kizingitini, akaenda shambani kuchimba viazi vya kwanza. Vilitoka laini, havina doa.

Glenys akalirudisha kopo stoo. Akachukua kikwangulio na maji ya magadi, akapiga magoti, akaanza kukwangua. Kijani kiliachia kwa vipande virefu, tabaka juu ya tabaka, kila kiangazi na tabaka lake. Kufikia mchana neno lilikuwa limetoka lote, jeupe, kubwa, kama lilivyoandikwa.

Neville alipita na mbwa wake. Alisita getini. Tangu mazishi alikuwa akimsalimu Glenys, kwa ile huruma.

"Glenys, mpenzi. Unafanya nini? Litasomeka."

"Ndiyo."

"Nitamtuma mjukuu wangu alete rangi. Yamepita hayo. Hata Clive mwenyewe alitaka yaishe."

Glenys aliinuka, akajipangusa vipande vya kijani magotini.

"Usitume mtu," alisema. "Kule makaburini jiwe la Clive mmelimaliza nusu. Mmeandika jina lake na tarehe. Neno lililobaki liko hapa, na sitalifunika tena."

Neville akalitazama lile neno, lenye upana wa mlango mzima, halafu akamvuta mbwa, ambaye alikuwa anakojoa kwenye nguzo ya geti, na akaendelea na safari yake kuelekea klabuni.